Mwalimu Aliyekataa Kuruka Salamu

Hapa Chepilat watu bado wanasimulia siku Mwalimu alipokwenda kumwambia jirani yake kwamba jiko lake linaungua. Alipanda kilima kwa miguu, akabisha hodi, akasalimia. Chamgei. Akangoja aitikiwe. Akauliza kama mvua imefika shamba la chini, akauliza ng'ombe aliyezaa anaendeleaje, akauliza kama mama wa nyumba amepona mguu. Ndipo akasema, "Basi, nimeona ni vizuri mjue kuna moshi kwa jiko yenu." Paa lilikuwa limeshaanguka ndani. Watu wakisimulia hushika mbavu, na mwenye jiko ndiye hucheka kuliko wote, kwa sababu Mwalimu mwenyewe alimjengea jingine kwa mbao zake. Mwalimu hakuwahi kucheka. "Mtu aingie kwa boma ya mwenzake na moto mdomoni, bila salamu?" alikuwa akisema. "Huyo ni mwizi ama ni polisi."

Nilimjua kwanza akiwa mwalimu wangu wa Kiswahili shule ya msingi, halafu, miaka mingi baadaye, akiwa mteja wangu. Nina saiba ndogo karibu na soko, kompyuta chache za kukodisha mtandao na printa moja yenye hasira. Wateja wakiwa haba, naandika makala za mtandaoni kwa watu nisiowajua: za magodoro, za dawa ya nywele, za chochote wanachouza. Kwa hiyo kazi hii naijua. Msomaji wa mtandaoni hasomi, anachungulia. Mkono mmoja umeshika simu, mwingine unasonga ugali. Mpe kichwa kinachosema jambo lenyewe, mpe aya fupi, na lile kubwa liweke juu kabisa kabla kidole hakijaanza kuteleza. Mwalimu aliniita "msichana" ijapokuwa nina watoto na mvi za kwanza, na kila nilipomweleza haya alinitazama kama nimemwambia ale amesimama.

Darasani alikuwa na mchezo wake. Alitupa habari ndefu ya kusoma kimya, na mara nyingine, si kila wiki, mstari wa mwisho ulikuwa hauna uhusiano wowote na habari. Ulisema: "Ukifika hapa, funga kitabu uende nyumbani." Yeye hakusema kitu kwa mdomo. Aliyefika mstari ule alifunga kitabu, akachukua sweta yake, akaenda. Sisi wa kurukaruka tulibaki tumeinamia madawati, tunajifanya tunasoma, tukishangaa wenzetu wanatoroka mbele ya macho ya mwalimu na hasemi neno. Alikaa na sisi mpaka kengele ilie. Hakutuchapa. "Kusoma ni kumsikiliza mtu mpaka anyamaze," alituambia. "Ukimkata katikati umemtukana."

Binti yake wa pekee alikuwa darasa letu, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kutoka, kila mara. Tulidhani anasoma haraka kuliko sisi. Tulimchukia kidogo, kama watoto wanavyomchukia mtoto wa mwalimu, lakini alikuwa na tabia ya kutusubiri chini kwenye daraja, akituuliza, "Bado hamjaona?" Hakutuambia tuone nini.

Ungedhani mtu wa namna hiyo anasoma kila kitu kwa makini. Thubutu! Gazeti alilisoma kwa muuzaji, shingo imepinda, mikono nyuma, vichwa vya ukurasa wa mbele tu, halafu akarudi kwangu kubishana siasa nusu saa nzima. Siku moja alimwogesha ng'ombe wake dawa mpya ya kupe bila kusoma maelezo kwenye mkebe, ng'ombe akashinda anatokwa na mate. Nilipomuuliza, alisema maelezo yale yameandikwa na watu wasiojua kuandika. Hilo lilikuwa jibu lake kwa mambo mengi.

Blogu aliianza alipostaafu. Nilimfungulia mimi. Aliandika juu ya chai na ng'ombe, kwa wakulima wenzake, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, na kila makala ilianza kwa kusalimia: wa Sotik, wa Ndanai, wa Chebunyo ambako mvua huchelewa, wagonjwa, wanaochuma wakiwa na watoto mgongoni. Baada ya hapo hali ya hewa. Baada ya hapo mfano wa zamani. Jambo lenyewe lilikuja mwisho, limechoka kwa safari. Mara moja aliandika makala yenye kichwa "Kupogoa Chai Wakati wa Kiangazi." Jirani yake, yule yule wa jiko, alisoma kichwa, akanoa panga, akapogoa shamba lote jua likiwa kali. Aya ya mwisho kabisa ilikuwa inasema usithubutu.

Jirani aliingia kwenye saiba yangu na tawi kavu mkononi. "Mwalimu, ona! Ona kazi yako!"

Mwalimu alimtazama kwa huruma ya kweli. "Hukufika mwisho."

"Mwisho iko wapi? Kidole yangu ilichoka! Nimeteremsha hii kitu mpaka nikafikiria simu imeharibika!"

Nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia Mwalimu, "Si ungeweka juu tu, 'Usipogoe kiangazi'? Maneno mawili." Akasema maneno mawili ni amri, na yeye si chifu. Wakati huo ilikuwa bado ni mzaha.

Binti yake alisomea ualimu akamaliza vizuri. Akakaa nyumbani akingoja kuajiriwa, mwaka ukapita, mwingine ukapita. Alifundisha kwa kujitolea, akachuma chai ya baba yake, akaja kwangu kuchapisha barua za maombi ya kazi. Siku moja alinionyesha tangazo kwenye simu. Nalikumbuka kwa sababu lilikuwa limeandikwa vizuri. Kazi za ndani Uarabuni. Kichwa kimoja cha herufi nzito, mistari mifupi, kila mstari na jambo lake, namba ya wakala juu na chini. Ungelisoma ukiwa unakimbia. Aliyeliandika aliijua kazi yangu kuliko mimi. Mkataba ulikuwa na kurasa nyingi, ukawekwa juu ya boneti ya gari, wakala akimwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi. Akatia. Binti wa Mwalimu, wa kwanza kutoka darasani, alitia sahihi karatasi ambayo hakuisoma.

Mwalimu hakumlaumu mbele ya watu. Ila tangu siku hiyo, ukimtajia maneno "rahisi kusoma," alikuwa anabadilika uso. "Hata ule mtego ulikuwa rahisi kusoma," aliniambia.

Miezi ya kwanza binti alipiga simu Jumapili. Halafu madam wake akamnyang'anya simu na pasi ya kusafiria, na Jumapili zikawa kimya. Wakala alisema atafuatilia, baadaye namba yake haikupatikana tena. Mwalimu alizunguka ofisi, Bomet, Kericho, hadi Nairobi, akasalimia kila karani kwa adabu yake yote, na kila karani akamkatiza kabla hajafika kwenye jambo. Alirudi na vumbi kwenye viatu na maneno yake yote bado kifuani.

Ndipo siku moja nilikuta maoni yasiyo na jina chini ya makala yake kuhusu kulisha ndama. "Baba ni mimi. Simu ni ya mtoto wa hapa, ya kuchezea, haina laini, inashika mtandao wa nyumba tu. Naifungua nikiwa bafuni, dakika moja. Wananipiga. Sitaandika tena, naogopa wataona. Wewe andika."

Nilikimbia kumwita. Alisoma amesimama, akasoma tena, akashika ukingo wa meza yangu. Mke wake aliletwa kutoka kuchuma, kikapu bado mgongoni, nami nikamsomea kwa sauti. Hakulia. Alisema tu, "Wananipiga. Soma hapo tena." Nikasoma hapo tena.

Tulianza kazi. Kwa watu wa kanisani nilipata namba ya mama mmoja Mkenya anayeishi kule, ambaye husaidia wasichana kutoroka, huwapa mahali pa kulala na kuwashughulikia warudi. Alisema anahitaji mambo mawili: msichana ampigie au amtumie mtu ampigie, na aseme jengo gani. Basi. Namba hiyo ndiyo iliyotakiwa kumfikia binti, na njia ya kumfikia ilikuwa moja tu, blogu ya chai na ng'ombe ambayo yeye alikuwa anaifungua bafuni kwa dakika moja.

Na Mwalimu akaandika makala ndefu kuliko zote alizowahi kuandika.

Niliisoma mpaka mwisho. Salamu kwa binti, salamu kutoka kwa shangazi, mchungaji na jirani wa jiko. Ng'ombe mweusi amezaa. Majani ya chai yamekataliwa kituoni kwa sababu ya mvua ya mawe. Aya moja nzima juu ya mto. Namba ilikuwa chini kabisa, mstari mmoja kabla ya mwisho.

"Mwalimu," nikasema, "ako na dakika moja. Moja! Namba weka juu."

"Nianze na namba? Mtoto wangu sijamwona mwaka mzima, nimrushie namba kama konda anarusha chenji?"

"Anapigwa, Mwalimu."

"Najua anapigwa!" Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akipaza sauti. "Ndiyo maana nataka asikie nyumbani kwanza. Watu wote wanaoongea na yeye wanaanza na amri. Osha. Lete. Njoo. Na mimi pia nianze hivyo?"

Nikafungua ukurasa wa ndani wa blogu, ule unaoonyesha wasomaji wametoka nchi gani na wamekaa kwa muda gani. Makala ya wiki iliyopita ilikuwa na msomaji mmoja kutoka nchi ile. Alikuwa amekaa muda mfupi sana. Nikamwonyesha. "Ona. Huyu ni yeye. Ameingia, ametoka. Hawezi kuwa amefika chini."

"Amefika," akasema.

"Kwa sekunde hizi?"

"Amefika. Wewe hujui. Yule mtoto hakuwahi kusoma habari zangu kuanzia juu, hata siku moja. Alijua babake anaweka jambo mwisho. Alikuwa anafungua chini kwanza, anaona kama kuna ruhusa ya kwenda nyumbani, anafunga kitabu. Nilijua tangu darasa la nne. Nilimwachia tu, kwa sababu nilipenda kumwona akitoka."

Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa wa kwanza kila mara, na kwa nini mzee huyu alishikilia chini ya ukurasa kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Lakini nilikuwa na hofu yangu pia. Mtu aliyepigwa na kunyimwa usingizi si mtoto wa darasa la nne. Huenda siku hiyo akaanzia juu kama watu wengine. Nilimwambia hivyo. Tukagombana mbele ya wateja, mimi na mwalimu wangu, nikimwambia atamuua mtoto kwa adabu, naye akiniambia mimi nauza magodoro.

Aliyetukatiza ni mke wake. Alikuwa kwenye benchi la mlangoni, kikapu miguuni. Mama huyu alikuwa hasemi sana Kiswahili, na hakuwahi kumpinga mumewe hadharani. "Mtoto akianguka kwa kisima," alisema polepole, "wewe utamuuliza habari ya mvua?"

Mwalimu akaketi. Akanisogezea kiti. "Haya," akasema. "Kata."

Tulikata mchana wote. Kila sentensi niliyoigusa aliitazama ikifutika kama mtu anayeona ng'ombe wake akiuzwa. Mchungaji akaenda, shangazi akaenda, mto ukaenda. Kichwa tukakiandika: "Ng'ombe Akikwama, Piga Namba Hii," ili mtu wa nyumba ile akichungulia aone ni mambo ya mifugo. Namba ikakaa mstari wa kwanza, peke yake, nafasi nyeupe juu na chini. Kisha mistari mitatu mifupi: mama huyu ni wa kwetu, mwambie jengo na ghorofa, usiogope. Aliomba aachiwe mstari mmoja wa salamu na ule wa ng'ombe mweusi. Nikamwachia. Mstari wa mwisho hakunionyesha. Aliuandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, mke wake akisimama nyuma yake, na mimi niligeuka nikajifanya natengeneza printa. Niliusoma alipoondoka. "Ukifika hapa, funga kitabu uje nyumbani."

Siku mbili hivi baadaye alikuja msomaji mmoja kutoka nchi ile. Akakaa muda mfupi, akaondoka. Akaja tena kesho yake. Halafu hakuja tena.

Sijui nieleze vipi miezi iliyofuata. Mwalimu alifika saiba asubuhi kabla sijafungua, akanisaidia kuinua mlango wa bati, akakaa mbele ya mashine ya pembeni na ule ukurasa wa wasomaji. Alisalimia kila aliyeingia, lakini hakuuliza tena habari ya mvua. Mama wa kule alisema hakuna aliyempigia kuhusu binti; halafu naye akawa hapatikani siku nyingine. Chai ya Mwalimu ikakua bila kuchumwa mpaka ikapita kiuno, ikawa vichaka, na katika nchi yetu hiyo ni kama nyumba kukaa bila moshi. Majirani walikwenda kuchuma bila kuitwa. Yule wa jiko alinipitia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bado?" Nikasema bado. Hakuna aliyesimulia hadithi ya jiko siku hizo.

Wasichana wengine walimwandikia, wa Bomet, wa Kisii, wa mbali. Makala ile fupi ilikuwa imetembea kuliko zote alizoandika. Aliwajibu wote, na majibu yake yalianza na namba. Alikuwa amejifunza nilichokuwa namfundisha miaka yote, na nilichukia kuona anakijua. Siku moja aliniuliza bila kunitazama, "Unafikiri alianzia juu ama chini?" Nikamwambia sijui. Alitaka kujua ni mstari upi mtoto wake alisoma mwisho kabla ya kunyamaza. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuogopa swali lingine, nadhani na yeye pia, na hatukulitamka.

Wiki iliyopita, karibu saa nne asubuhi, msichana mwembamba aliingia akiwa na mkoba wa begani na mama yake nyuma. Alikuwa wa Chebunyo, akasema amerudi juzi kutoka Uarabuni. Aliuliza kama hapa ndipo anapopatikana Mwalimu wa blogu ya ng'ombe. Kabla sijajibu, Mwalimu alikuwa amesimama kule pembeni.

Msichana alikuwa amelelewa vizuri. Aliinamisha kichwa kidogo, akaunyoosha mkono. "Chamgei, Mwalimu."

"Yuko hai?"

Wateja wote waliinua vichwa. Hata jirani wa jiko, aliyekuwa anachapisha karatasi za ushirika, aligeuka. Miaka yote ile, darasani, kanisani, kwenye matanga, kwenye moto, hakuna aliyewahi kumsikia Mwalimu akiacha salamu bila kuitikia.

"Yuko hai, Mwalimu," msichana akasema haraka. "Nilimwacha akiwa hai. Tulikuwa jengo moja, tunaanika nguo juu ya paa. Yeye hakuwa na laini, mimi nilikuwa na simu nimeficha. Akanionyesha hiyo kitu yako. Akaniambia, wewe chukua ya juu, ya chini ni yangu. Nikapiga hiyo namba. Tulikuwa tutoke pamoja, lakini siku hiyo walimfungia ndani. Akaniambia kwa dirisha niende. Mtoto wao amesema juu ya hiyo simu, wameichukua. Lakini yule mama anajua jengo, anajua ghorofa, nimemwonyesha mwenyewe. Amesema anarudi na watu wa ubalozi. Kwa simu anaogopa kutaja, ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Bado hawajamtoa, Mwalimu. Sitaki kukudanganya. Bado."

"Alisema ya chini ni yake."

"Alisema hivyo. Alikuwa anaisema kila siku tukianika, kama wimbo. Mimi sikuelewa ni ya nini."

Mwalimu alibaki amesimama. Machozi yalimshuka wazi mbele ya wanafunzi wake wa zamani, naye hakuyafuta. Kisha akatafuta kiti kwa mkono, akaketi, akavua kofia akaiweka gotini. Akaushika mkono wa yule msichana, ambao ulikuwa bado umenyooshwa.

"Chamgei," akamwitikia. "Samahani, mtoto wangu. Kwenu Chebunyo mvua imefika?"

"Imefika kidogo."

"Na ng'ombe?"

"Wako salama."

"Na wewe? Umelala? Umekula?"

Msichana akaanza kumjibu. Jirani wa jiko akatoka mbio kumwita mama kule shambani, na mimi nikaizima printa ili isimkatize.